Damas, Fundi wa Baridi ya Polepole

Damas Chilongani alikufa Jumamosi moja ya mwezi wa nane, mchana saa nane na ushei, katika chumba cha maabara kisichozidi hatua nne kwa tatu. Hakuwa mgonjwa, umeme haukumpiga, wala hakuna mtu aliyemgusa. Hewa ilimwishia. Muda mfupi kabla ya hapo alipiga simu kuomba msaada, na aliyeipokea simu ile ni mimi. Nalisema mapema kwa sababu sipendi habari za marehemu zinazoanza kwa sifa na kuficha mambo mwishoni. Sifa zake zipo, nitazisema. Lakini kuna jambo nililotakiwa kumwambia mkewe kwa kinywa changu, na ndilo linalonifanya niandike.

Mimi ni Castory Kihwele, dereva wa idara ya fizikia kwenye chuo kimoja cha hapa Dodoma. Kwetu Iringa, Mhehe. Damas alikuwa Mgogo wa Gulwe, kule Mpwapwa, reli inakopita. Basi tulikuwa watani, na utani wetu haukuwa wa kuigiza kazini. Asubuhi alinisalimia "kamwene, mla mbwa", nami nikamjibu "mbukwa, ombaomba", na wageni waliotoka nje ya nchi walidhani tunagombana. Baba yangu alipofariki, Damas alipanda basi mpaka Iringa, akafika makaburini kabla ya jeneza, akajilaza ndani ya kaburi na viatu vyake, akasema hatoki, kaburi amelipenda, mzee atafutiwe lingine. Mama yangu alikuwa hajala siku mbili. Alicheka mpaka akaomba uji. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na Damas aliifanya kwa moyo wote.

Alikuwa na ubaya wake pia. Hakujua kukoma. Mwaka mmoja alinipigia simu kutoka Gulwe akilia kwamba ameumwa na nyoka, mguu umevimba, zahanati haina dawa. Nikalichukua gari la idara bila kibali, nikaendesha kwa mwendo ambao sitaki kuuandika, nikamkuta amekaa kwenye kigoda anakula ugali wa uwele na mlenda. Akanikaribisha. Nilikula kwa hasira, halafu nikacheka, kwa sababu mtani hanuniwi. Ila siku ile nilijiapiza moyoni: mzee huyu hatanikimbiza tena.

Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, wa wale waliokuwa wakitembea na nyundo begani kukaza misumari. Damas alikuwa mwembamba mno, na ukimtania juu ya hilo alikujibu kwamba wembamba wa reli, treni inapita. Aliishia kidato cha nne, akajifunza ufundi wa redio Mpwapwa mjini, akakaa miaka kumi na tano kwenye kibanda chake akichomelea waya. Chuo kilipoanza kuajiri mafundi sanifu, alikuja na cheti kimoja na mikono miwili. Waliomhoji walimpa redio iliyokufa. Aliirudisha inaongea.

Mikono ile ndiyo iliyompeleka kwa Dakta Anyitike. Dakta ni kijana wa Kyela aliyesoma mbali akarudi, na kichwani mwake kuna jambo moja tu. Alinieleza mara nyingi tukiwa njiani, kwa hiyo nalijua kuliko dereva anavyotakiwa kulijua. Watu wote tumezoea kwamba umeme hupita kwenye shaba na chuma, na vitu vya jamii ya kaboni, kama sukari, nta na plastiki, huuzuia. Lakini zipo chumvi fulani za kaboni ambazo zikikuzwa ziwe fuwele, umeme hupita ndani yake kana kwamba ni madini. Na ukizipoza sana zinageuka tabia. Elektroni zilizokuwa zikitembea huru zinaanza kuogopana. Kwenye chumvi ya Dakta jambo hilo hutokea baridi inapofika nyuzi themanini na tatu chini ya sifuri. Ukiishusha baridi polepole, elektroni hujipanga kwenye mistari, moja hapa, moja pale, na ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, unaruka juu ghafla. Ukiharakisha, hazipati nafasi ya kujipanga. Zinaganda ovyo pale zilipofumaniwa, na hutazirudisha kwenye mistari mpaka uipashe fuwele moto uanze upya. Mbele zaidi, kwenye baridi ya nyuzi mia mbili na hamsini chini ya sifuri, kila elektroni ni sumaku ndogo. Zilizojipanga hushikana mbili mbili, usumaku ukanyamaza. Zilizoganda ovyo haziwezi.

Baridi ya mia mbili na hamsini hatuna Dodoma. Inataka gesi ya heli iliyogeuzwa kimiminika, na hiyo kwetu ni habari ya kusoma. Sisi tulikuwa na naitrojeni, tena ya kuazima kwa wenye ng'ombe. Wapandishaji wa ng'ombe huhifadhi mbegu za madume ndani ya mitungi ya naitrojeni kimiminika, na mimi kila wiki mbili nilikwenda kwenye kituo kimoja cha mifugo kujaziwa mtungi wetu. Askari wa getini alikuwa akiniuliza chuo kinazalisha ndama wa aina gani.

Kazi ya kuzikuza fuwele ilikuwa ya Damas peke yake. Alikuwa na kichupa cha kioo chenye miguu miwili, ndani yake waya mbili za platini, na mkondo wa umeme mdogo kiasi kwamba usingewasha hata taa ya jokofu. Mkondo huo ulitakiwa usikatike kwa wiki tatu. Kwa mji ambao umeme hukatika unavyotaka wenyewe, Damas alifunga betri ya pikipiki pembeni, na akija Jumapili kutoka kanisani alipitia maabara kwanza ndipo aende kwake Area D. Mwisho wa wiki tatu, zikiwa njema, kwenye waya zilikuwa zimeota fuwele nyeusi za kung'aa, ndogo kuliko punje ya uwele. Alizichukua moja moja chini ya hadubini na kuzibandika nyuzi nne za dhahabu kwa gundi ya kaboni. Nilimwona akifanya hivyo mara moja, akiwa hapumui. Dakta mwenyewe alikuwa akizivunja, kwa hiyo aliacha kuzishika.

Kisha barua ikaja kutoka maabara ya ng'ambo tuliyoipelekea fuwele zipimwe kwenye heli. Waliandika kwa adabu kwamba fuwele za Dodoma ni mbovu, elektroni zake hazijipangi. Dakta aliisoma, akaisoma tena. Yeye alijua kwamba wale walizipoza haraka kwa sababu muda wa mashine yao ni ghali, lakini kujua si kuthibitisha. Ilibidi tuonyeshe sisi wenyewe, kwa naitrojeni ya ng'ombe, kwamba zikipozwa polepole zinajipanga. Kuanzia nyuzi sabini na tano chini ya sifuri, nyuzi moja kwa dakika kumi, bila kuruka.

"Mzee Damas, unaweza?" Dakta aliuliza.

"Hiyo ni kazi ya kuchunga," Damas akajibu. "Ng'ombe hakimbizwi malishoni."

Alitengeneza kifaa mwenyewe. Fimbo yenye fuwele nchani ilining'inia juu ya mdomo wa mtungi, na juu yake kulikuwa na skrubu ndefu aliyoitoa kwenye jeki kuukuu. Ukiizungusha nati robo mzunguko, fimbo inashuka kidogo ndani ya mvuke wa baridi. Mtu akae hapo saa sita, macho kwenye kipima joto, mkono kwenye nati, akiandika ukinzani kila dakika mbili. Tatizo lilikuwa upepo. Mwezi wa nane Dodoma unavuma tangu asubuhi, na vumbi jekundu linaingia hata ndani ya friji. Mlango ukifunguliwa kidogo tu, joto linayumba nyuzi mbili tatu na kazi yote imeharibika. Dakta alikuwa amesema wazi kwamba naitrojeni inapochemka mlango uwe wazi. Damas aliitikia. Kisha akaziba dirisha kwa karatasi ya gundi na kutandaza blanketi chini ya mlango, na akija mgeni kuuliza, alimwambia kwamba katika hewa tunayovuta karibu sehemu nne kati ya tano ni naitrojeni hiyo hiyo, haiwezi kumdhuru mtu. Ni kweli kabisa. Lile fungu la tano, oksijeni inayotuweka hai na ambayo naitrojeni ikichemka huisukuma nje, ndilo hakulitaja.

Ijumaa ile kituo cha mifugo walinipa mtungi mwingine, wa lita thelathini na tano, wakisema wetu una nyufa kwenye kifuniko. Nilipoufunga kwenye gari niliona ubavu wake umeota barafu nyeupe. Sasa najua kwamba mtungi wa aina hiyo ni chupa ya chai kubwa, na ukiuona unatoa barafu nje, ombwe lake, ule uwazi usio na hewa kati ya kuta zake, limekufa na kilichomo kinachemka kwa nguvu. Siku ile niliona ni dalili ya ubaridi mzuri. Damas naye aliuona asubuhi ya Jumamosi. Akasema unatokwa jasho kama Mhehe aliyesikia mbwa akibweka. Tukaubeba kwa matambara, kila mtu upande wake, tukauweka chumbani. Dakta alikuwa Kondoa harusini. Nikamwacha Damas saa mbili asubuhi, nikasikia akisukuma blanketi chini ya mlango.

Saa sita kasoro alinipigia mara ya kwanza.

"Castory, nakufa!"

"Kufa, tuzike mapema, jua kali."

"Nakufa kwa furaha, mshenzi wewe. Themanini na tatu imepita. Ukinzani umeruka! Zimekaa kwenye mistari, zote, kama wanafunzi wa shule ya misheni. Nashuka mpaka mia moja ndipo niache."

"Hongera, mzee."

"Humu ndani ukungu mtupu sakafuni. Kama kwenu Mufindi."

Nilicheka. Nilifurahi kweli, nikamwambia nitamwekea nyama. Mtu anayejua kazi ile angesikia neno ukungu angekimbia. Mimi nilikuwa dereva, lakini nilikuwa nimesikiliza mihadhara ya Dakta njiani kwa miaka minne, na sikukimbia.

Mara ya pili ilikuwa saa nane na dakika tano. Nilikuwa kibandani kwa Anastazia, nje ya geti, hatua mia mbili kutoka maabara. Sahani ilikuwa imefika mezani wakati huo huo. Maneno yote nayakumbuka.

"Castory."

"Naam, ombaomba."

Akacheka. Kicheko kilikuwa kirefu na laini, kama cha mtu aliyekunywa. "Miguu yangu imekwenda Gulwe. Imeniacha hapa."

"Iambie ikirudi ilete karanga."

"Kweli, mtani. Njoo unibebe. Siwezi kusimama." Akacheka tena.

"Nimbebe Mgogo? Nikikufikisha utaniomba na shati."

"Njoo," akasema. "Mlango... njoo tu." Halafu akawa anacheka kidogo kidogo, au anahema, mpaka leo sijui.

Nikamwambia: "Nakula kwanza. Ukifa, uniachie viatu."

Nikakata simu. Nilimsimulia Anastazia, naye akacheka, akaniongezea pilipili. Nilikula nikamaliza, nikanawa, nikafungiwa nyama ya Damas kwenye karatasi. Nilipousukuma mlango wa maabara ulikuwa mzito, kwa sababu alikuwa amelala nyuma yake. Alikuwa amejaribu kulivuta blanketi.

Daktari wa hospitali alinieleza bila kuulizwa. Hewa safi ikipungua taratibu, mwili hausikii kukabwa. Miguu inalegea, akili inachangamka, mtu anacheka mwenyewe. Nilimwuliza kama dakika ishirini na tano zingetosha kumwokoa. Alisema tano zingetosha. Polisi niliwaambia alipiga simu akitania. Askari, Msukuma mtu mzima, akauliza kama tulikuwa watani, nikasema ndiyo, akaandika kwamba marehemu alifanya mawasiliano ya kawaida. Usiniambie ile methali ya mzaha na usaha. Naijua, na nimeshajiambia mwenyewe mara nyingi kuliko utakavyoweza.

Karatasi zake zilibaki mezani. Mpaka nyuzi tisini tarakimu zimesimama wima, mwandiko wa fundi. Kuanzia tisini na mbili zinalala. Kwenye tisini na saba ameandika namba moja hiyo hiyo mara sita. Dakta alirudi kutoka Kondoa usiku ule ule, na Jumatatu alilivunja dirisha la chumba kile kwa nyundo, mwenyewe, akilia mbele ya wanafunzi. Matokeo yalikuwa mazuri. Maabara ya ng'ambo waliyakubali bila ubishi. Mwishoni mwa makala yao kuna mstari wa kumshukuru Damas, na jina lake la ukoo wamelikosea.

Tulimzika Gulwe, kwenye makaburi ya ukoo jirani na nyumba yao. Nilitaka nikae nyuma na wafanyakazi wengine, lakini kaka yake mkubwa, mzee Bartolomayo, alisimama kando ya kaburi akauliza kwa sauti, "Mhehe wetu yuko wapi? Ndugu yangu atazikwa kama hana watani?" Watu wakageuka. Mkewe, Paskalia, alikuwa ameketi mkekani na binti yao Josephine, wa miaka kumi na saba, ambaye tangu Jumamosi alikuwa hajatamka neno. Nikaona hakuna pa kukimbilia. Mtu aliyelala kaburini kwa ajili ya baba yangu, nami nimnyime?

Nikachukua koti lake jeupe la maabara, lililoletwa pamoja na vitu vyake, nikalivaa. Nikatembea kama yeye, kifua ndani. Nikajifanya nazungusha nati, robo, nikaandika hewani, robo tena, nikawakaripia waombolezaji wasipumue wataharibu joto. Wakaanza kucheka huku wanajifuta machozi. Na pale katikati, nikiwa nimevaa koti lake, nikaona siwezi kuendelea bila kusema. Nikasimama. Nikawaambia kwamba aliniita. Nikayasema yote, miguu iliyokwenda Gulwe, karanga, shati, na kwamba nilikuwa nakula nyama hatua mia mbili tu, nikamwambia akifa aniachie viatu. Nilikuwa nalia waziwazi. Nilisema, "Mimi ndiye niliyemwacha afe."

Makaburi yote yakalipuka kwa kicheko. Wanawake walishikana mabega. Mzee mmoja alisema, "Wahehe hawa, hata machozi wanayo ya kuazima!" Bartolomayo aliingia nyumbani akatoka na viatu vya marehemu, vile vyeusi vya kanisani, akanikabidhi kwa mikono miwili mbele ya watu. "Haki yako, mtani," akasema. Nikavipokea. Ningefanya nini? Josephine naye alikuwa ameficha uso kwenye khanga ya mama yake, mabega yakitikisika, na alipoinua kichwa nikaona anacheka.

Paskalia hakucheka.

Baada ya mazishi aliniita nyuma ya nyumba nimsaidie kutua ndoo. Ndoo haikuwepo.

"Uliyoyasema ni kweli, shemeji," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ni kweli."

"Polisi walinirudishia simu yake. Ya mwisho ni yako, kakuandika Mla Mbwa. Dakika moja na sekunde arobaini." Alikuwa anakunja ncha ya khanga na kuikunjua. "Siku tatu nakungoja. Nilisema, akija hapa akanyamaza, nitamwumbua."

"Shemeji, nisamehe."

"Sijui kama nimekusamehe. Usiniulize leo." Akaangalia upande waliko watu. "Josephine amecheka. Umemwona? Akijua kwamba baba yake alikuwa anaita kweli, atamsikia akiita maisha yake yote. Mimi namsikia, inatosha. Wewe pia. Uache uwe utani."

"Nitawezaje?"

"Utaweza. Si ndiyo kazi yenu?"

Siku ya arobaini nilikwenda Gulwe tena, kwa sababu kutokwenda kungekuwa sawa na kusema kwamba haukuwa utani. Baada ya sala tulikaa uani. Alikuwepo Iddy, mume wa dada yake Damas, mfanyabiashara wa Kondoa, ambaye maziko hakuwahi. Akanisogezea kiti.

"Mtani, nasikia una ile ya simu," akasema. "Watu wote wanaisimulia mpaka Kondoa, lakini wanasema mwenyewe ndiye anayeijua. Hebu tupe."

Watu wakasogea kunisikiliza. Nilimtazama Paskalia. Alikuwa anagawa chai. Aliweka kikombe changu mbele yangu, akaenda kukaa karibu na binti yake, akaniitikia kwa kichwa.

Nikasafisha koo, nikaigeuza sauti yangu iwe ya Damas. "Castory," nikasema, "miguu yangu imekwenda Gulwe."

Josephine ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka.